Waziri Aliyeomba Mkalimani

Nchi moja, na msiniulize ni ipi, ilipata waziri wa ardhi kutoka kwa watu wa msituni. Ni watu wachache, warina asali, na tangu nchi ile ipate bendera hapakuwa na wa kwao aliyefika hata udiwani. Siku alipoapishwa walicheza ngoma mpaka sauti zikawakauka. Wakasema, sasa na sisi tuna mtu.

Kuna jambo hawakulijua. Huko mjini, kila alipoulizwa habari za kwao, mheshimiwa alijibu kwamba ana damu yao tu, lakini mama yake alishafariki zamani, yeye akalelewa mjini, hata lugha yao haijui.

Mwaka haujaisha, serikali ikautaka ule msitu. Mkubwa wake akamwambia, "Nenda wewe. Wale ni wenzako, watakusikiliza." Mmeona? Siku zote damu ile ilikuwa aibu, siku hiyo ikapata kazi.

Akaenda, waandishi wa habari nyuma yake. Watu wa msituni walikuwa wameshakubaliana nani awaombee wasihamishwe: mama yake mzazi. Walisema, mtoto gani atamfukuza mama yake kwenye nyumba aliyozaliwa? Mama akasimama, akaanza kwa lugha yao, maana hana nyingine. Waziri akainua mkono. "Nitafutieni mkalimani."

Watu wakatazamana. Akaletwa mnunuzi wa asali, mgeni aliyejifunza lugha ile kwa kuzunguka huko na madumu yake. Mama akamgeukia. Maneno ya msitu aliyotumwa kuyasema akayaacha.

"Baba," akamwambia mkalimani, "hebu muulize mheshimiwa, mama yake hajambo?"

Mkalimani akauliza. Kamera zote zikamgeukia waziri. Akapangusa jasho, akasema, "Mwambie mama yangu alifariki nikiwa mdogo."

Mama akasubiri atafsiriwe, kama mgeni. "Mwambie nampa pole," akasema, akaketi. Hakuna mwingine aliyetaka kusimama. Mwezi haukuisha, watu wale wakahamishwa.

Nawaona mnatikisa vichwa. Mnasema moyoni, mtoto wa laana huyo. Simtetei, alichofanya ni uovu. Lakini nawauliza: nani alimfundisha kumzika mama yake akiwa hai? Alizaliwa anajua? Shuleni alipotamka neno moja la kwao, ni kina nani walicheka? Alipochukua fomu ya kugombea, ni kina nani walisema hatuwezi kuongozwa na walaji wa asali? Tulimwambia kila siku, panda, lakini mama yako mwache huko chini. Akatii. Na alipotii tukamsifu, tukasema huyu sasa amestaarabika, si kama wenzake. Sifa ile, ndugu zangu, inaniuma kuliko kicheko. Tulimpa cheo kwa sharti, halafu leo tunamshangaa kwa kulitimiza.

Mtasema, mchungaji, hayo ni ya nchi za watu. Haya. Ibada ikiisha tutachagua wazee wa kanisa. Kwenye orodha kuna ndugu yetu mmoja wa kabila dogo, mnamfahamu, hukaa benchi la nyuma pale na mama yake mzee. Jumapili iliyopita jina lake liliposomwa, kicheko kilitoka upande huu, kikapokelewa upande ule. Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Sikukemea. Nilitabasamu, Mungu anisamehe.

Geukeni mtazame. Leo amekuja peke yake.