Ukuta wa Nyuma wa Nyumba ya Bi Ngiri

Zamani zile, wanyama walipokuwa bado wanapiga hodi kabla ya kuwala jirani zao, kiangazi kilikaa muda mrefu mpaka watoto wa Ngiri wakawa hawajui mvua ni kitu gani. Walidhani ni jina la shangazi fulani anayeahidi kuja kila mwaka, asije. Siku moja mawingu yakaonekana upande wa milimani, na mama yao, Bi Ngiri, akashikwa na wasiwasi.

Si kwamba aliiogopa mvua, maana yeye ndiye aliyeiomba kuliko wote. Shida ilikuwa nyumba. Jamaa ya Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, makalio yakitangulia na meno yakifuata, ili adui akifika mlangoni apokewe na meno. Hiyo ni desturi nzuri ya ulinzi na mbaya sana ya usafi. Kila kilichoingia katika nyumba ile kilisukumwa na makalio mpaka nyuma, na hakuna aliyegeuka kukitazama tena. Tangu enzi za babu mzaa babu vitu vilirundikana, na kila mwaka familia ililala karibu zaidi na mlango. Mwaka ule baba, mama na watoto wanne walilala pua nje.

"Mama, mvua ikija itatunyeshea puani?" aliuliza Kishindo, kitindamimba.

"Itawanyeshea puani, kisha itaingia ndani, kisha tutaogelea," alisema Bi Ngiri. "Baba watoto, leo tunatoa takataka."

Bwana Ngiri alikuwa ameketi juu ya ungo uliotoboka katikati. "Takataka gani? Humu ndani hamna takataka. Kila kitu kitafaa siku moja."

"Ungo usio na katikati utafaa nini?"

"Siku moja," alisema Bwana Ngiri, kisha akasahau walikuwa wakizungumzia nini. Huo ndio ugonjwa wa ukoo wao. Ngiri akifukuzwa hukimbia hatua mia, halafu husimama akajiuliza: hivi nilikuwa nakimbia nini? Bi Ngiri naye alikuwa na ugonjwa huohuo, ila alikuwa amejifunza dawa yake. Neno la maana alilitia katika wimbo, akaliimba mpaka likakwama kichwani.

Sasa, masikio ya Sungura husikia shida ya jirani kabla jirani hajamaliza kuisema. Haukupita muda akawa mlangoni, na nyuma yake Fisi, udenda unamtoka.

"Hodi hapa, shemeji. Nasikia mnasafisha nyumba. Umempata fundi wake," alisema Sungura. "Kazi hii ina kanuni moja tu. Kitu usichokigusa tangu mvua iliyopita si chako, ni cha atakayekibeba."

"Na nani atakibeba?"

"Mimi na Fisi tutakibeba, tukakitupe korongoni. Bure kabisa. Ujirani ni nini, shemeji?"

"Mifupa imo?" aliuliza Fisi.

"Imo."

"Basi mimi ni jirani mwema," alisema Fisi, akaingia kichwakichwa.

Bi Ngiri aliona maneno yale ni ya maana, na kwa kuwa aliujua ugonjwa wake, akaanza kuyaimba papo hapo. "Usichokigusa tangu mvua iliyopita, si chako, si chako, ni cha atakayebeba." Watoto wakaipenda sauti yake, wakaidaka, wakaicheza kwa kuzungukazunguka uani mikia juu.

Fisi alifukua kwa miguu ya mbele na kurusha nje kwa ile ya nyuma, na vumbi likapanda mpaka ndege wakahama miti. Lilitoka birika lisilo na mdomo, kisha mdomo wa birika jingine. Likatoka jino la babu lililovunjika. Kikatoka kiatu kimoja cha mwindaji aliyekimbia na cha pili mguuni. Yakatoka magunzi, vifuu, na yai la mbuni ambalo hakuna aliyekumbuka kulila. Bwana Ngiri alikipokea kila kitu kama ndugu aliyerudi safari.

"Kumbe upo," aliliambia birika. "Hujambo?"

"Umeligusa tangu mvua iliyopita, shemeji?" aliuliza Sungura.

"Hata sikujua ninalo."

"Si chako, si chako," waliitikia watoto, na birika likaenda. Hata ungo, uliokuwa chini ya Bwana Ngiri muda wote, ulichomolewa alipoinuka kulisalimu lile jino, na alipotaka kuketi tena akaketi vumbini, bila kukumbuka palikuwa na nini.

Mwisho kabisa, chini ya yote, ukatoka mkeka wa ukili wenye mistari myekundu. Bi Ngiri akaacha kuimba.

"Huu aliusuka mama yangu mwaka aliofariki," alisema. "Aliusuka ili waulalie wajukuu atakaokuja kupata. Mimi nilidhani umepotea."

"Umeugusa tangu mvua iliyopita?" aliuliza Sungura kwa upole mwingi.

Bi Ngiri angeweza kusema ndiyo. Lakini watoto wake walikuwa wamesimama pale wakimtazama, na wimbo alikuwa amewafundisha yeye. Akauachia ule mkeka.

Lakini jioni ilipofika, lo, nyumba ile. Waliingia kinyumenyume kama desturi, wakarudi nyuma, wakarudi nyuma, wakazidi kurudi, watoto wakacheka kwa kizunguzungu, mpaka makalio sita yakagonga ukuta wa nyuma kwa mpigo mmoja. Hakuna Ngiri aliyekuwa hai ambaye aliwahi kuugusa. Ulikuwa baridi na laini, na nafasi iliyobaki mbele yao ingetosha kucheza ngoma. Bi Ngiri alijikuna mgongo ukutani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa hiyo walikuwa na jumba lote hili, nao wakilala pua nje. Tangu siku ile kila jioni alikwenda moja kwa moja kujikuna pale.

Korongo, kwa upande wake, halikuona hata gunzi moja. Vitu vyote Sungura alimbebesha Fisi mpaka kwenye kichuguu alichokuwa akikaa, akavipanga, akavishindilia, akavisifu, na siku ya tatu kichuguu kikajaa mpaka mlangoni na mwenyewe akabaki nje. Ungo ulikosa pa kuingia, akauegemeza kando ya mlango. Akawa analala majanini huku akizilinda mali zake.

Siku ya nne usiku yakanyesha manyunyu, machache tu, ya kulowesha masikio. Sungura akapiga chafya. Akalitazama wingu kubwa lililokuwa likija, akaitazama nyumba yake, na kwa kuwa hakuweza kuachana na kitu hata ule mdomo wa birika, akaamua kwamba rahisi zaidi ni kuichukua nyumba ya Bi Ngiri.

Asubuhi akaja na Simba na Fisi. Simba alitembea polepole, maana aliamini nyasi zinahitaji nafasi ya kumwangalia.

"Shikamoo, mzee Simba," alisema Bi Ngiri.

"Marahaba. Simama mbali kidogo, una vumbi."

"Mheshimiwa," alianza Sungura, "mimi na huyu shemeji tuna kanuni yetu. Kitu usichokiona tangu mvua iliyopita si chako, ni cha atakayekichukua. Sasa yeye huingia kwake kinyumenyume. Chumba cha nyuma hajakiona tangu azaliwe. Kwa hiyo ni changu, nahamia leo na watu wake wasogee mlangoni."

Simba hakuwa amewahi kuisikia kanuni hiyo, lakini hakuwa tayari ionekane kuna jambo alilotanguliwa kulijua. "Kanuni nzuri," alisema. "Hata mimi nilikuwa nikiifikiria. Naipitisha."

Radi ilinguruma milimani, na Bi Ngiri akawaona akilini watoto wake pua nje tena, na safari hii mvua ikiwa kweli. Halafu kitu kikamtekenya kichwani. Akakiimba kimoyomoyo mara moja, akakiimba mara ya pili.

"Mzee, huyu hakusema usichokiona. Alisema usichokigusa."

Sungura alicheka. "Shemeji na ukoo wenu. Jana ulikula nini?"

"Sikumbuki."

"Na juzi?"

"Sikumbuki."

"Mheshimiwa, umesikia mwenyewe."

Simba akamgeukia Fisi. "Wewe ulikuwepo. Alisema kuona au kugusa?"

"Mimi nilikuwa natafuna kiatu," alisema Fisi kwa unyofu.

Wakati huo, kutoka ndani ya shimo, ikasikika sauti nyembamba ya Kishindo, na nyuma yake za ndugu zake watatu. "Usichokigusa tangu mvua iliyopita, si chako, si chako, ni cha atakayebeba." Mkia wa Simba ukaanza kufuata mdundo, akaukanyaga utulie.

"Watoto hawa hawajui hata mvua ni nini," alisema. "Uongo wa mvua watautunga wapi? Ni kugusa."

"Haya, kugusa," alidakia Sungura. "Huo ukuta wa nyuma ameugusa lini?"

Bi Ngiri akageuka, akaingia kinyumenyume, akapotea, na baada ya muda ukasikika mshindo mzito kutoka mbali ndani. "Nimeugusa sasa hivi," ikaja sauti yake. "Na jana nimeugusa, na juzi nimeugusa. Kichwa changu husahau, mzee, lakini makalio yangu hayasahau."

Fisi akaangua kicheko, na Fisi akianza kucheka hajui breki. Aligaagaa chini. "Makalio!" alisema. "Na Sungura je, wa kwake ataugusa na nini? Vitu nilivyombebea vimejaa mpaka mlangoni, analala nje kama mbuzi."

Bi Ngiri akachomoza kichwa. "Vitu gani? Si vilitupwa korongoni?"

"Korongo gani?" aliuliza Fisi.

Sungura akaanza kuyakunja masikio yake, moja baada ya jingine. Bi Ngiri akatoka nje, akajikung'uta, akasema polepole ili asisahau katikati: "Mzee Simba, mvua iliyopita ni ipi?"

"Ya jana," alisema Simba. "Imenilowesha manyoya, wala sikuwa nimeiruhusu."

"Basi, Sungura, tangu mvua ya jana umegusa nini nyumbani kwako?"

Sungura alihesabu kwa vidole, akaanzia cha kwanza, akaishia hapohapo. "Mlango," alisema hatimaye. "Nimegusa mlango."

"Mlango ni wako," alisema Simba. "Vingine vyote ni vya atakayebeba. Nimekwisha kupitisha, na mimi sirudi nyuma kama Ngiri."

Habari ilifika kichuguuni kabla yao. Kila mwenye mgongo alibeba. Birika likaenda huku na mdomo ukaenda kule, yai la mbuni likaenda na mwenye tumbo gumu kuliko wote, na kilipobaki kichuguu kitupu, Nguchiro na watoto wake saba wakaingia mpaka ndani, wakaugusa ukuta kwa pua, wakakaa. Bwana Ngiri aliliona jino la babu akaliinua. Bi Ngiri akamtazama. Akaliweka chini. Yeye Bi Ngiri alichukua kimoja tu, mkeka wa mama yake, akaubeba begani akiimba njia nzima wimbo usio na maneno, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na neno aliloogopa kulisahau.

Mvua kubwa ikashuka jioni hiyo. Familia ya Ngiri ililala juu ya mkeka wa bibi, makalio ukutani, pua kavu, wakiitazama mvua kupitia mlango ulio mbali.

"Mama, huyo ndiye mvua?" aliuliza Kishindo.

"Ndiye," alisema Bi Ngiri.

Mara mbele ya mlango akapita Sungura, anakimbia, ungo uliotoboka kichwani, masikio mawili yametokea tunduni na maji yanayafuata masikio mpaka shingoni. Ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyejisumbua kukibeba.

Bwana Ngiri akainuka. "Mama watoto, si nilisema?"

"Ulisema nini?"

Akafikiri. "Sikumbuki," alisema, akalala tena kwa furaha.

Lakini Kishindo alikimbia mpaka mlangoni, akaita, "Mjomba Sungura, huo ungo umeugusa?"

"Nimeugusa," alijibu Sungura kutoka mvuani, ameushika kwa mikono miwili.

"Basi ni wako."

Mla cha mwenzake na chake huliwa.