Nitakuja Gari Likipona

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa na gari la mbio, kuukuu, la milango miwili, aliloachiwa na baba yake. Jina la binti huyo ni Tusekile. Zamani gari lilikuwa jekundu. Sasa bonetini lilikuwa limepauka likawa na rangi ya tofali, na mlango wa kushoto haukufunguka mpaka uinuliwe kidogo kwanza, kisha uvutwe.

Baba yake, Mzee Mwakatundu, alikuwa fundi umeme mjini Mbeya, na mkewe aliishi nyumbani kwao juu milimani, upande wa Tukuyu, kwenye migomba. Mzee alilinunua gari hilo likiwa limeshachoka, na watu walimcheka: mtu wa makamo na gari la vijana! Lakini kila Jumamosi lilimfikisha kwa mkewe kabla ya chakula cha mchana. Injini yake ilikuwa na mngurumo usiofanana na wa gari jingine. Lilipofika kwenye kona iliyo chini ya shule, mkewe aliinua kichwa, akaacha alichokuwa akikifanya, akaanza kupakua. Hakuwahi kukosea.

Mzee alipofariki, ndugu walikaa baada ya matanga wakagawa vitu vyake. Shamba likabaki kwa mama. Gari hakuna aliyelitaka, wakampa Tusekile, kwa kuwa ndiye mtoto pekee na ndiye aliyefundishwa na baba yake kuliendesha. Siku ya kurudi chuoni mjini, alimshika mama yake mikono akamwahidi kwamba kila likizo atakuja nalo, ili aisikie tena sauti ile konani. Mama alimtazama tu. Binti akauchukua ukimya ule kuwa ni kukubali.

Likizo ya kwanza ilipofika, gari lilichemsha kabla ya kuumaliza mlima. Akaligeuza, akalirudisha mjini taratibu, akapiga simu. “Nitakuja gari likipona, mama.”

“Haya, mwanangu,” mama akajibu. “Lipe pole.”

Likizo ya pili ikawa gia. Mabasi ya kwenda kwao yalipita mbele ya chuo tangu asubuhi, na wenzake waliyapanda. Yeye hakupanda. Aliona kwamba kuingia nyumbani kwa miguu kutoka kituoni, bila gari lile, ni kumzika baba yake mara ya pili. Na hapo tusimcheke. Nani kati yetu hajawahi kuahidi jambo kubwa, kisha akaona aibu kuleta lililo dogo?

Jumamosi zake zote zikawa za gereji, kwa fundi aitwaye Mwasumbi. Huyu alishika desturi ya mafundi waaminifu: kila kifaa alichokitoa kwenye gari alimkabidhi mwenye gari mkononi, ili aone kwamba kweli kimebadilishwa. Wateja wengi walivitupa palepale. Tusekile hakuweza kutupa kitu ambacho baba yake alikuwa amekishika. Alivifuta grisi kwa gazeti, akavipanga kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake hosteli: pampu ya maji, sahani ya klachi, plagi nne, usukani uliopasuka, na kirungu cha gia kilichosuguliwa na kiganja cha mzee miaka kumi na moja hadi kikawa laini kama kokoto ya mtoni. Sanduku likajaa. Akatafuta la pili.

Wenzake wa hosteli walimwambia auze. Baba yake mdogo alipiga simu kusema kwamba kuuza kitu cha marehemu ni kumfukuza marehemu nyumbani. Tusekile aliwasikiliza wote, na kila aliposikiliza upande mmoja aliona upande huo una haki. Wote walimshauri juu ya gari. Hakuna aliyemuuliza juu ya mama.

Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, alishuka akaliwasha robo saa, akasimama kando ameinamisha sikio. Leo mlio mpya huku, kesho moshi kule. Hata darasani, ukurasa wa daftari ulioanza na maneno ya mhadhiri uliishia na dalili za gari, zimeandikwa kwa mwandiko mdogo, kwa mpangilio, kama daktari anavyoandika.

Likizo ya tatu ilipokaribia, injini yenyewe ilikufa. Fundi akatafuta nyingine, akaifunga kwa siku nne. Siku ya tano, saa sita mchana, akaiwasha. Gari likanguruma kwa nguvu, safi, bila kasoro hata moja. Tusekile alisikiliza, na uso wake ukashuka. Haikuwa sauti ile.

Mwasumbi akajifuta mikono kwa tambara. “Dada yangu, usinitazame hivyo. Gari la mzee liko chini ya kitanda chako. Hili nimekutengenezea mimi.”

Alikuwa akitania, maana walishazoeana. Tusekile hakucheka. Alilitazama gari akatafuta ndani yake kitu kimoja ambacho baba yake alikigusa, akaona ni ule mlango wa kushoto tu.

Wakiwa wamesimama hivyo, mama yake akaingia gerejini ameshikwa mkono na jirani yao, Mama Lugano. Walikuwa wametoka hospitali ya macho, wakapitia hosteli, wakaelekezwa huku. Tusekile akakimbia kumpokea, akapiga goti. “Shikamoo, mama.” Mama aliitikia marahaba, lakini macho yake hayakumfuata. Akanyoosha mikono, akampapasa binti yake paji la uso, mashavu, kidevu, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili. Yalianza kufifia wakati wa likizo ya kwanza.

“Mbona hukuniambia, mama?”

“Ulisema unakuja.”

Fundi, ambaye hakujua la kufanya, akaona amfurahishe mgeni. Akaliwasha gari. Mama akasikiliza mpaka lilipozimwa. Kisha akasema, bila kupandisha sauti: “Baba yako alinunua gari ili afike kwangu. Wewe hufiki kwangu kwa sababu ya gari. Pale konani, Tusekile, nilikuwa nikimsikiliza mtu.”



Tusekile akamkabidhi Mwasumbi funguo, akamwomba amtafutie mnunuzi. Akaenda hosteli, akayavuta masanduku yote mawili, akayarudisha pale gerejini kwa watu wa vyuma chakavu. Alibaki na kirungu cha gia tu, kwa sababu kilitosha mkononi. Saa tisa alikuwa ndani ya basi, mama dirishani, yeye katikati, Mama Lugano upande wa pili akilalamika kwamba dereva ana haraka kama anayewahi posa.

Basi lilipofika kwenye kona iliyo chini ya shule, mama aliinua kichwa, kwa mazoea. Akakaa hivyo kidogo, anasikiliza. Halafu akateremsha mkono, akaukuta mkono wa binti yake, na ndani yake akakuta kile kirungu. Akakipapasa, akakitambua. Akakifunika pamoja na mkono uliokishika, na hakuuachia mpaka basi liliposimama.

Madaktari walikuwa wamesema macho yatapasuliwa mwezi unaofuata, na kwamba huenda yakaona tena. Lakini likizo zile mbili hakuna daktari wa kuzirudisha.

Basi nawe unayesema utakwenda kwa wako gari likipona, nyumba ikiisha, mambo yakikaa vizuri: unajua ni macho ya nani yanayofifia wakati unatengeneza?