Mafiga ya Gofu la Kanisa

Sogeeni karibu, asiyetaka kuogopa akalale.

Palikuwa na mwashi, Damasi, aliyechukua mawe matatu meupe kwenye gofu la kanisa, akamtengenezea mkewe Makrina mafiga. Chungu cha kwanza kilipochemka, Damasi akatoweka. Makrina akamwona ndani ya mchoro wa wino uliotundikwa ukutani tangu zamani, mchoro wa gofu lile lile. Alikuwa amesimama dirishani.

“Mrudisheni mume wangu, wezi nyie!”

Karatasi ikajibu, “Mwizi nani, mama? Mawe yetu yako wapi?”

Makrina akanywea. “Haki yenu. Chukueni chenu, nipeni changu.”

Akauchukua mchoro kwapani, akayabeba mafiga hadi gofuni. Aliporudisha la kwanza, Damasi akageuza uso. La pili, akapandisha mguu dirishani. La tatu, akaruka chini, ila bado yumo karatasini.

“Ngoja,” ikasema sauti. “Mawe yetu yalikuwa meupe. Haya yana masizi.”

“Nimeyasugua, hayatoki!”

“Basi na wako mpokee hivyo hivyo.”

Damasi akatoka karatasini, akamshika mkono. Mkono wa Makrina ukabaki mweusi kwa wino.

Makrina anamsugua mumewe mpaka leo, na wino hautoki. Nimewapa nilivyopewa, sikuongeza, sikupunguza.