Kwa Nini Mtoto wa Mbega Huzaliwa Mweupe

Mmeniuliza, nami nitawaeleza kama nilivyoelezwa. Kabla mbega hawajawa na rangi mbili, wote walikuwa weupe, wadogo kwa wakubwa. Nasema mbega, si kima wala ngedere. Hao wana habari zao. Katika msitu wa Magamba weupe ule ulikuwa msiba. Tai aliwaona tangu mbali, na kila alipopita alichukua mtoto. Mama Kihiyo alikuwa amebakiwa na wawili tu: Kihiyo na mdogo wake, Namkunda.

Mwaka huo alitua Korongo, mgeni kutoka Japani, na vitu vitatu: kijiti cha wino mkavu, jiwe la kuusugulia, na brashi ya manyoya. Kwao alikuwa mwalimu wa watoto wadogo.

“Mwalimu, wapake wanangu wawe weusi, mwili mzima,” Mama Kihiyo alimsihi.

“Mimi sipaki, mama. Nafundisha.”

Siku ya kwanza watoto walisugua wino kwa maji juu ya jiwe. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Namkunda akauliza, “Kwani mwalimu, tunachora au tunasaga mtama?”

Korongo akacheka, akawapa brashi na magome ya mti. Akawaambia watazame kwanza kitu mpaka wakijue, kisha wapitishe brashi mara moja, wasirudie.

Kihiyo alitazama miti. Mashina yalikuwa meusi kwa unyevu, lakini matawini zilining'inia ndevu ndefu, nyeupe, za kuvu.

Ndipo kivuli cha Tai kikapita. Namkunda alikuwa wazi juu ya tawi. Kihiyo akachovya brashi, akampaka mgongo, tumbo, miguu. Mabega na mkia hakuvigusa.

“Umeacha! Lete nimalizie!” Mama akaikamata brashi.

Korongo akamzuia kwa bawa. “Kazi ya mtoto haimaliziwi na mkubwa, mama.” Kisha akawafunika yeye na Kihiyo; mabawa yalitosha wawili tu.

Namkunda akajibana kati ya zile ndevu. Tai akazunguka mara mbili, akatazama palepale alipokaa, akaona mti. Akaenda zake.

Kesho yake watoto wale wawili waliwapaka mbega wote, na tangu siku hiyo mbega ni mweusi, mwenye joho jeupe mabegani na mkia mweupe. Mtoto wake, hata hivyo, huzaliwa mweupe pe. Wino haumjii upesi. Kwa miezi kama mitatu hukaa kifuani mwa mama yake, macho wazi, akiitazama miti mpaka aijue.