Homa ya Mbugani

Asiyelala nyumbani haugui. Mmemsikia jirani akisema hivyo, mkadhani anamteta mlevi. Hata kidogo. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia kwa mama yangu, Siwema.

Mpunga ukianza kukomaa, watu wa Kitundu hushuka mbugani kuamia ndege wasiule. Mwaka ule baba, Mapande, alikwenda peke yake, maana bibi alikuwa mgonjwa wa miguu na hangeweza kuachwa. Wiki tatu alilala kwenye dungu, ulingo wa kulindia shamba, bila chandarua. Mama alimkumbuka mno. Kila jioni alipika chakula cha mtu mmoja zaidi, kisha akatugawia huku akinung'unika.

Ndipo akaja mdadisi, kijana mpole mwenye kishikwambi. Alipima malaria nyumba kwa nyumba, ili ichorwe ramani ya kuonyesha dawa na vyandarua vipelekwe wapi.

"Shikamoo mama. Nani walilala humu usiku wa jana?"

"Marahaba. Mimi, mama mkwe na huyu binti. Laiti na baba yake angelala!"

"Yuko wapi?"

"Mbugani. Ametuma salamu kwamba ana homa. Mwandike, mwanangu. Mapande."

"Napima waliolala humu tu, mama. Nikimwandika nitakuwa nimedanganya."

Akatutoboa vidole. Sote tulikuwa wazima, na nyumba nyingine vilevile, kwa kuwa kijiji kiko mlimani na mbu ni wachache.

Kesho yake mama alimfuata baba. Zahanati ilikuwa mbali. Baba alifia njiani, juu ya machela.

Baadaye ramani ililetwa ofisi ya kijiji. Vijiji jirani vilipakwa nyekundu, chetu nyeupe. Dawa na vyandarua vikatupita. Mama akaenda kuitazama.

"Huku kweupe ndiko kwetu?"

"Ndiyo, mama," akajibu ofisa. "Hongereni, hamna malaria."

Mama aliweka kidole pale peupe.

"Kumbe asiyelala nyumbani haugui," alisema. "Basi nirudishieni mume wangu, kama hakuugua."

Mwaka uliofuata wadadisi walifika hadi kwenye madungu, na sehemu yetu ikawa nyekundu kuliko zote. Mimi hamu ya baba haijaniisha hadi leo. Nanyi mkisikia mtu anapongezwa kwa uzima ambao hakuna aliyemuuliza kama anao, mjue la kusema: asiyelala nyumbani haugui.