Bi Mize na Mchi wa Siku ya Saba

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hamkula leo? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wanaume msiondoke, hadithi hii ni yenu pia. Na atakayecheka nitamtoa mimi mwenyewe.

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho sikitaji, aliishi mkandaji mmoja, Bi Mize. Alianza angali msichana, alipomkanda babake mguu uliovunjika, na mzee akasimama. Mikono ile, jamani! Mgema akianguka mnazini, pu! anapelekwa kwa Bi Mize. Mchukuzi kateguka kiuno, kwa Bi Mize. Anapaka mafuta, anakanda, anavuta, ka! mfupa unarudi. Wanaume wakatembea, sifa zikaenea. Wanawake walimwendea kwa mkono au kifundo cha mguu tu. Ya chini ya kitovu hayakusemwa.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mwanamke akijifungua, siku ya saba anafungwa kitambaa cha mkaja tumboni, kinakazwa kwelikweli, kisha anatolewa uani atwange mpunga mbele ya wanawake wote. Akimaliza pishi nzima bila kupumzika, basi kapona.

Bi Mize alikuwa na binti mmoja tu, Zuwena. Zuwena akaumwa uchungu siku mbili, akazaa mtoto wa kike. Siku ya saba mama mtu mwenyewe akamfunga mkaja, akamkabidhi mchi.

"Mama, chini kunavuta."

"Jikaze. Usinitie aibu."

Puu! Puu! Puu! Vigelegele vikapigwa. Na ndani ya mwili wa Zuwena, kizazi kikashuka.

Tangu siku hiyo mkojo haukushikika. Akicheka, unatoka. Akikohoa, unatoka. Akiinua ndoo, unatoka. Akamwendea mamake, akamkuta anamnyoosha mgema bega.

"Wazazi wote hupata hayo," Bi Mize akasema, hata hakugeuka. "Yatakwisha."

Hayakwisha, ng'o! Nguo zikanuka. Wanawake wakavuta mikeka yao mbali naye. Mumewe akamjengea kibanda nyuma ya migomba. Mama mkwe, Bi Riziki, akamchukua mtoto. "Ukikauka, njoo umchukue," akasema. Mtoto hajaacha ziwa! Roho gani hiyo?

Habari zikamfikia Bi Mize. Akaenda, akamkuta binti yake amejikunja juu ya majani makavu, maziwa yanamchuruzika.

"Wanaume wa kijiji kizima umewanyoosha," Zuwena akasema. "Mimi mwanao hata hujanitazama."

Bi Mize akalia. Akahamia palepale kibandani.

Akaanza kujifunza upya, na uzee ule. Akapita nyumba kwa nyumba akiwauliza wanawake. Wa kwanza akamfungia mlango. Wa pili akamtukana. Wa tatu akaangua kilio, akasema ana miaka kumi na miwili hajalala pakavu. Kumbe walikuwa wengi! Walewale waliovuta mikeka. Bi Mize akasikiliza, akapapasa, akazijua nyama za nyonga zinavyolegea. Akamlaza Zuwena, kiuno juu ya mto.

"Vuta pumzi. Kaza, kama unayezuia mkojo. Shika... shika... Haya, legeza."

Asubuhi, mchana, jioni. Kaza, shika, legeza. Ulipotimia mwezi wa sita wa kukaza na kulegeza, Zuwena akaenda kisimani, akarudi mkavu.

Wakaenda kumchukua mtoto. Bi Riziki akawatazama juu chini, akaburuta kinu mpaka katikati ya ua.

"Kapona? Atwange tuone."

"Hatwangi," akasema Bi Mize. "Mwili bado. Mtamharibu."

"Basi mtoto habanduki hapa."

Mtoto alikuwa mgongoni mwa bibi yake, anamtazama Zuwena kama mtu asiyemjua. Zuwena akashika mchi.

"Usifanye hivyo, mwanangu!"

"Mama, yule ni wangu."

Puu! Puu! Puu! Puu! Pishi ikaisha. Damu inamtiririka miguuni. Akaweka mchi chini, akanyoosha mikono, akapokea mtoto wake. Hapo hapakupigwa kigelegele hata kimoja.

Bi Mize akasema mbele ya wote, "Mwanamume yeyote simkandi tena, mpaka desturi hii ife."

Wagema wakaanguka, pu! wakalala wakigumia. Bi Mize hakuinuka. Mwisho akaanguka Jumbe mwenyewe, mkuu wa kijiji, nyonga ikateguka. Akamwita.

"Nikande!"

"Mzazi apumzike siku arobaini asishike mchi. Na akiumwa, aletwe kwangu siku hiyohiyo. Litangaze."

Jumbe akafura kwa hasira siku tatu. Siku ya nne maumivu yakamshinda, akatangaza. Bi Mize akavuta, ka!

Wanawake wakaja, wengi mno. Wengine walikauka, wengine walipata nafuu. Zuwena, tangu mchi ule wa pili, hakukauka tena. Alilala na mwanawe ubavuni, akimsikia mamake akiwaambia wenzake: kaza, shika, legeza. Siku moja akauliza:

"Mama, ungenitazama siku ile nilipokwambia, ningepona?"

Bi Mize hakuwa mtu wa kudanganya.

"Ungepona," akasema.

Basi, enyi wenye mama, na wake, na mabinti: mwanamke akikwambia anaumia, mtazame siku hiyo, usimwambie ajikaze. Hadithi yangu nimeitua hapa. Ondokeni polepole, sitaki kelele.