Povu la Bi Kirembo

Asiyehama asiamue rangi ya povu. Leo mmeisikia methali hii kikaoni, mkatazamana, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni basi, maana vijana wa siku hizi mnapenda kujibiwa mkiwa njiani. Asili yake ni hii.

Bi Kirembo alikuwa akilea wajukuu wawili, Shani na Mwanjaa, ambao hata shule walikuwa hawajaanza. Siku hiyo alikuwa akifua nguo za harusi ya shangazi yao, na wasichana hao ndio waliochaguliwa kumshikia bibi harusi shela. Walikuwa hawalali kwa furaha.

Alipomaliza kufua, aliwakatia bua la jani la mpapai wapulizie maji ya sabuni. Shani akapuliza povu moja kubwa, likakaa juu ya beseni katikati yao.

"La kijani!" akasema Shani.

"Zambarau!" akasema Mwanjaa, aliyekuwa ng'ambo ya beseni. "Mwongo wewe!"

Wakabishana mpaka wakavutana nywele. Katika nyumba ile uongo haukuwa na msamaha. Bi Kirembo hakuondoka kigodani. Aligeuza shingo tu, akaona rangi ya dhahabu.

"Waongo nyote," akaamua. "Na mwongo hashiki shela katika ukoo huu. Nitatafuta watoto wengine."

Mwanjaa akaangua kilio. Shani hakulia, alikasirika. Akapuliza povu jingine, akasema, "Bibi, njoo ukae hapa nilipo."

Mtoto kumwinua mkubwa kitini ni utovu wa adabu, na bibi alinyanyuka kwa nia ya kumchapa. Lakini alipofika kando yake, macho yaliangukia beseni. Povu lilikuwa la kijani. Akajikongoja na magoti yake mabovu hadi kwa Mwanjaa, akainama. Zambarau tupu. Akarudi kigodani, akaiona dhahabu yake kabla povu halijapasuka.

Aliona aibu, na hakuificha.

"Wajukuu zangu, niwieni radhi," akasema. "Mlisema kweli nyote. Mimi ndiye niliyehukumu nimekaa."

Harusini, Shani alishika shela upande huu na Mwanjaa upande ule. Mawifi wa Bi Kirembo walimcheka, ati mtu mzima amewaomba radhi watoto wadogo. Naye akawajibu bila kugeuka: "Asiyehama asiamue rangi ya povu."